Sir Christopher Wren: Mjenzi wa Kanisa Kuu na Kanuni ya Mgongano



Mgeni akifika London huonyeshwa kuba kubwa la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na akiuliza ni nani aliyelijenga hutajiwa jina la Sir Christopher Wren. Kwa wengi habari huishia hapo. Sisi tuliokaa na chaki mkononi kwa miaka mingi twamkumbuka pia kwa jambo jingine. Kabla ya kushika kazi ya ujenzi, Wren alikuwa mwalimu wa hesabu na elimu ya nyota, na kanuni ya mgongano ambayo watoto wetu huisoma katika fizikia ya sekondari ilipita mikononi mwake. Mwanafunzi hulisikia jina la Newton, la Wren hulisikia kwa nadra. Basi tumeona vema kusimulia maisha yake katika ukurasa huu, na kuonyesha jinsi elimu ya mipira miwili inayogongana ilivyo karibu na ukuta mmoja mkaidi aliotakiwa kuuangusha.

Mtoto wa kasisi

Christopher Wren alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1632 katika kijiji cha East Knoyle, kusini ya Uingereza. Baba yake, ambaye naye aliitwa Christopher, alikuwa kasisi wa kijiji hicho, kisha akafanywa Mkuu wa Kanisa la Windsor, kwenye ngome ya wafalme. Baba yake mkubwa, Matthew Wren, alikuwa Askofu wa Ely. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo na dhaifu wa afya, akalelewa kati ya dada wengi.

Alipokuwa na miaka kumi hivi vita vilizuka kati ya Mfalme na Bunge. Nyumba ya Windsor iliporwa, baba yake akapoteza cheo, na baba yake mkubwa, yule Askofu, akatiwa katika Mnara wa London akakaa kifungoni karibu miaka 18. Jamaa hiyo iliyozoea heshima ikawa ya wakimbizi. Walipata hifadhi kwa shemeji yake kijana, kasisi aitwaye William Holder, na ndiye aliyemfundisha hesabu. Husemwa kwetu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu alilelewa na shemeji mwenye subira na vitabu vya hesabu, naye akakua akipenda kupima kila kitu: vivuli vya jua, mwezi, upepo na mvua.

Alisoma chuoni Wadham, Oxford. Mwaka 1657, akiwa bado hajatimiza miaka 25, akawa profesa wa elimu ya nyota katika Gresham College ya London, na mwaka 1661 akarudi Oxford kushika kiti kama hicho. Tarehe 28 Novemba 1660, baada ya mhadhara wake pale Gresham, mabwana wachache walibaki wakizungumza, wakapatana kuanzisha chama cha kuchunguza mambo ya maumbile kwa majaribio. Chama hicho ndicho kilichokuja kuitwa Royal Society, nacho kipo hata leo.

Swali la mgongano

Katika siku zile wataalamu walisumbuliwa na swali ambalo mtoto achezaye gololi hulikuta kila jioni. Vitu viwili vikigongana, kila kimoja kitakwenda wapi, na kwa mwendo gani?

Mfaransa mmoja mashuhuri, René Descartes, alikuwa ameandika kanuni saba za jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1644. Alikuwa mtu wa akili nyingi, lakini kanuni zake nyingi hazikuwa sahihi. Mojawapo ilidai kwamba kitu kidogo kikikigonga kikubwa kilichotulia, hakiwezi kukisogeza hata kidogo, hata kikija kwa kasi ya namna gani. Kitarudi kilikotoka tu. Mvuvi wetu yeyote angempinga. Ngalawa ikilipara jahazi lililotia nanga, jahazi hutikisika. Si kwa kiasi kikubwa, lakini hutikisika.

Wren hakutaka kubishana kwa maneno. Pamoja na rafiki yake Laurence Rooke, profesa mwenziwe wa Gresham, alitundika mipira kwa nyuzi, akaivuta kando, akaiachia igongane pale chini, kisha akatazama kila mmoja umepanda kiasi gani baada ya kugongana. Njia hiyo ilikuwa nyepesi na ya busara. Mpira uliotundikwa ukiachiwa kutoka juu zaidi hufika chini kwa kasi zaidi, na kiasi cha kuachiwa na kiasi cha kupanda vinatosha kukuambia mwendo kabla na baada. Hapahitaji saa wala chombo cha gharama. Mwalimu yeyote wa Unguja aweza kulifanya jaribio hilo kwa gololi mbili, uzi, gundi na meza ya darasani.

Rooke alifariki mwaka 1662, na hesabu zile zikalala. Mwaka 1668 Royal Society iliwaomba watu watatu waeleze kanuni ya mgongano. Wa kwanza alikuwa John Wallis, kasisi na mwalimu wa hesabu Oxford, ambaye maelezo yake yalisomwa tarehe 26 Novemba. Wren alifuata tarehe 17 Desemba. Wa tatu, Mholanzi Christiaan Huygens, alileta yake Januari 1669. Wallis alieleza vitu ambavyo haviruki vikigongana. Wren na Huygens walieleza vitu vigumu vinavyorudishana, nao walifika mahali pamoja ingawa kila mmoja alikwenda kwa njia yake. Maelezo ya Wren yalikuwa mafupi mno, kwa lugha ya Kilatini, kama mtu asiyependa kupoteza wino.

Twende polepole, maana hapa ndipo vijana wetu wengi huanguka. Chukua uzito wa kitu, yaani kiasi cha maada kilichomo, ukizidishe kwa mwendo wake. Jibu lake wanasayansi huliita momenta. Gololi ya gramu 5 iendayo mita 2 kwa sekunde ina momenta sawa na ya gramu 10 iendayo mita 1 kwa sekunde. Pia hapana budi kutazama inakoelekea. Kitu kiendacho Bububu na kiendacho Fumba havijumlishwi kana kwamba vinafuata njia moja; momenta ya mmoja hutolewa katika ya mwingine. Hilo la kutazama uelekeo ndilo Descartes alilolisahau, na ndilo lililomponza.

Kanuni yenyewe yasema hivi: vitu viwili vikigongana, na pasiwepo kingine cha kuviingilia, jumla ya momenta zao kabla ya kugongana ni sawa na jumla baada ya kugongana. Anachopoteza mmoja ndicho anachopata mwenziwe, bila kuzidi wala kupungua. Gololi ikiigonga sawasawa gololi ya uzito uleule iliyotulia, ya kwanza husimama na ya pili huenda karibu kwa mwendo uleule. Mabonge mawili ya udongo mbichi yaliyo sawa, yakikutana kwa mwendo sawa, hushikana yakasimama, kwa kuwa momenta ya moja imeifuta ya mwenziwe.

Wren aliliona jambo hili kama mizani. Fikiria mpira wa kilo 1 ujao kwa mita 3 kwa sekunde, na wa kilo 3 ujao upande wa pili kwa mita 1 kwa sekunde. Moja mara tatu ni tatu, tatu mara moja ni tatu. Kama mizani ya sokoni, ambapo uzito mdogo ulio mbali na kitovu huweza kusawazisha mkubwa ulio karibu, mipira hii imesawazika. Ikiwa ni migumu ya kurudishana vema, kila mmoja utarudi ulikotoka kwa mwendo uleule uliokuja nao. Ikiwa haikusawazika, Wren alionyesha jinsi ya kupata jibu kutokana na mizani hiyohiyo.

Mwaka 1687 Isaac Newton alipotoa kitabu chake kikuu aliwataja wote watatu, Wren, Wallis na Huygens, kwa heshima, akaeleza kwamba Wren aliithibitisha kanuni kwa mipira iliyotundikwa mbele ya Royal Society. Wren mwenyewe wakati huo alikuwa amekwisha kuingia katika kazi nyingine.

Gogo na ukuta

Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianzia katika nyumba ya mwoka mikate mjini London, ukawaka siku nne mfululizo. Nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 ya mitaa yaliteketea. Kanisa Kuu la kale la Mtakatifu Paulo liliwaka hata risasi iliyoezekwa paani ikayeyuka na kutiririka njiani. Wren alitwikwa mzigo wa kuyajenga upya makanisa ya mji, na katika maisha yake alijenga zaidi ya 50, pamoja na Kanisa Kuu.

Kwanza ilikuwa lazima kuyaondoa magofu, kazi iliyoanza mwaka 1668, mwaka uleule wa ile karatasi ya mgongano, ikaendelea kwa miaka. Ulipofikiwa mnara wa kati, uliobaki na urefu wa karibu futi 200, vibarua waliogopa kupanda. Wren aliamua kutumia baruti. Akachimbisha tundu chini ya nguzo moja, akaweka ratili 18 tu, yaani kama kilo 8. Mawe mengi yaliinuka kidogo yakashuka palepale kama fungu, bila kurushwa. Lakini safari ya pili msimamizi wake alizidisha baruti na hakuchimba chini ya kutosha. Jiwe moja liliruka likaingia dirishani mwa nyumba ya jirani, mlimokuwa na wanawake wakifanya kazi. Hakuna aliyeumia, lakini majirani walilalamika, na baruti ikakatazwa.

Ndipo akarudia chombo cha vita vya kale. Alitwaa mlingoti imara wa urefu wa futi 40 hivi, akaupachika chuma kichwani, akauning'iniza kwa kamba katika miguu mitatu ya magogo. Watu 30 wakasimama, 15 kila upande, wakausukuma mbele na nyuma, wakipiga ukuta mahali pamoja. Walipiga kutwa nzima. Ukuta ukasimama kama ulivyokuwa. Jioni vibarua wakaona ni kazi bure, kwani hawakuona dalili yoyote. Wren akawatia moyo, akawaambia wasikate tamaa, wapige siku ya pili. Siku ya pili ukuta ulionekana ukitetemeka kileleni, na baada ya saa chache ukaanguka. Habari hii ilihifadhiwa katika karatasi za jamaa yake, zilizokusanywa na mwanawe na kuchapishwa na mjukuu wake mwaka 1750.

Tutazame kilichotokea. Kila pigo la gogo lina momenta, na ukuta ukilisimamisha hupokea momenta hiyo yote. Sehemu kubwa hupita katika msingi na kwenda ardhini, na dunia ni nzito mno hata hakuna awezaye kuona imesogea. Lakini njiani tikisiko hupita katika kila jiwe na kila tabaka la chokaa. Chokaa hupata ufa mwembamba kuliko unywele, na pigo lijalo huukuta ufa huo na kuuongeza. Macho ya kibarua hayaoni kitu, naye hutazama kilele. Kazi yake inafanyika ndani.

Wren alitegemea nini alipowaambia wapige tena? Hatuwezi kuingia katika moyo wake. Lakini mtu aliyekwisha kuona kwa mipira yake kwamba pigo dogo juu ya kitu kikubwa halipotei, alikuwa na sababu ya kuvumilia ambayo vibarua hawakuwa nayo. Kwa kanuni ya Descartes gogo lingekuwa limerudi nyuma kutwa nzima na ukuta usijue kwamba umepigwa.

Sisi wa Unguja tunayo mafunzo ya namna hiyo. Mafundi wa Mji Mkongwe wa zamani walipotandaza dari la chokaa na kokoto za matumbawe, watu wengi walilipiga kwa vipande vya mti siku nyingi, kwa nyimbo, mpaka likashikamana na kuwa gumu lisilopitisha mvua kirahisi. Pigo moja lilikuwa jepesi. Kule London mapigo yalifungua chokaa kavu, hapa yalifunga chokaa mbichi, na kotekote hapana aliyeweza kunyooshea kidole pigo moja akasema hili ndilo lililofanya kazi.

Na kanuni hiyohiyo ina upande wake wa pili, wa upole. Kitu kiendacho hakina budi kunyang'anywa momenta yake yote ndipo kisimame, lakini twaweza kuchagua muda. Jahazi la tani 20 likikaribia gati ya Malindi kwa nusu mita tu kwa sekunde, mwendo wa mtu mzee atembeaye polepole, likasimamishwa na jiwe kwa nusu sekunde, mbao hupokea nguvu sawa na uzito wa tani 2 hivi. Likisimamishwa kwa sekunde 5, kwa kamba inayolegezwa kidogo kidogo, nguvu hupungua kuwa kama uzito wa kilo 200, kazi ya wanaume wachache. Ndiyo sababu matairi huning'inizwa gatini, na ndiyo sababu mtu adakaye embe lililotupwa kutoka mtini huirudisha mikono nyuma pamoja nalo. Nguvu ikizidishwa kwa muda wake huitwa msukumo, na msukumo ni ule mmoja ukichukua muda mfupi au mrefu. Kinachobadilika ni maumivu. Wazazi, waambieni watoto wasiweke mguu au mkono kati ya chombo na gati kwa kuona kwamba chakwenda polepole. Kilicho kizito hakihitaji kasi ili kuvunja mfupa.

Miaka ya kanisa

Jiwe la kwanza la Kanisa Kuu jipya liliwekwa tarehe 21 Juni 1675. Wren alikuwa na miaka 42. Mwaka huohuo mke wake, Faith, alifariki kwa ndui. Alioa tena mwaka 1677, na mke wa pili, Jane, akafariki mwaka 1680. Tangu hapo hakuoa tena, akaishi mjane zaidi ya miaka 40, na mmoja wa watoto wake akiwa dhaifu wa kuhitaji uangalizi.

Kazi ilikwenda kwa kusuasua. Mshahara wake wa Kanisa Kuu ulikuwa pauni 200 kwa mwaka. Mwaka 1697 ibada ya kwanza ilifanyika katika sehemu iliyokwisha, lakini mwaka huohuo Bunge, likidhani ni yeye achelewaye, liliamuru nusu ya mshahara izuiwe mpaka jengo liishe. Mwaka 1702 alimzika binti yake Jane chini ya sakafu ya kanisa hilohilo. Husimuliwa kwamba katika uzee wake alipandishwa juu ya jengo kwa kapu ili akague kazi. Mwaka 1708 mwanawe Christopher aliweka jiwe la mwisho kileleni kwa niaba ya baba yake. Bunge lilikiri mwaka 1711 kwamba kazi imekwisha, na mzee akalipwa alichodai. Kutoka sakafuni mpaka msalabani ni mita 111.

Mwaka 1718, akiwa na miaka 85, aliondolewa katika kazi ya msimamizi wa majengo ya Mfalme, cheo alichokuwa nacho tangu 1669, akapewa mtu mwingine kwa ajili ya siasa za wakati ule. Hakupiga kelele. Alirudi kwenye vitabu na hesabu zake. Tarehe 25 Februari 1723 mtumishi wake alikwenda kumwamsha baada ya chakula, akamkuta amefariki kitini, mwenye miaka 90. Alizikwa chini ya Kanisa Kuu, katika kaburi la kawaida, na maandishi ya Kilatini yanamwelekeza atafutaye ukumbusho wake atazame pande zote.

Wapo watakaomkumbuka hapa Askofu wetu Edward Steere, ambaye jiwe la msingi la Kanisa la Mkunazini liliwekwa Krismasi ya 1873, katika kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa mwaka uleule. Naye alisimamia ujenzi kwa macho yake mwenyewe, na alipofariki mwaka 1882 akazikwa ndani yake, nyuma ya altare. Wajenzi hawa wawili hawakuonana, lakini kila mmoja amelala chini ya kazi yake.

Neno kwa wazazi na vijana

Tumeyaeleza haya kwa kusudi. Twajua vijana wa mitaa yetu, na hasa mabinti, ambao wakifika kidato cha tatu huiacha fizikia kwa kusema kwamba hawana kichwa chake. Wamefanya hesabu kutwa nzima na hawakuona kitu. Na nyumbani wapo wakubwa wanaowaunga mkono kuacha, kwa huruma, kama wale vibarua walivyohurumiana jioni ile mbele ya ukuta.

Tunawaomba wazazi msiwe wepesi wa kukubali. Siku ya kwanza ya somo gumu mara nyingi haionyeshi matunda juu. Mtoto arudie mahali palepale, si kila siku mahali papya. Maana watu wale 30 kama wangepiga hapa kidogo na pale kidogo, huenda ukuta ungekuwa umesimama mpaka leo. Akiwa na gololi, uzi na mtu mzima wa kukaa naye nusu saa, atayaona yale Wren aliyoyaona. Na akikwama, walimu wastaafu tumo humu mtaani, na milango yetu haijafungwa.